Chuma na geti: shajara ya mradi wa mbwa wetu

Februari, katikati

Naanza kuandika hii kitu kwa sababu nyumbani kila mtu ana ripoti yake. Baba watoto anasema mbwa anaendelea vizuri, mama mkwe anasema hajaona badiliko lolote, watoto wanasema Chuma ni mwema ila watu hawamwelewi. Ikiwa kwenye maandishi hakuna kubishana.

Kwa asiyemjua: Chuma ni Boerboel, dume, miezi kumi, juzi kwa daktari wa mifugo kapandishwa mzani ukasoma kilo 49. Mimi mwenyewe nina 61. Na huyu bado anakua, dume la Boerboel likikomaa linafika kilo 60 mpaka 90, na mbwa wakubwa namna hii hukomaa taratibu, miaka miwili hadi mitatu, kwa hiyo hapa bado tunaongea na mtoto. Asili yao Afrika Kusini, walifugwa mashambani huko kulinda mji na mifugo, shamba kubwa, mwenye mali yuko mbali, mbwa anaona kitu anaamua mwenyewe. Ndo maana ukimwambia jambo anakuangalia kwanza. Amesikia vizuri tu, anapima kama ina faida kwake.

Aliletwa baada ya wezi kuruka ukuta mtaa wa pili hapa Goba, Dar es Salaam. Nia ilikuwa ulinzi. Sasa ishu ni kwamba Chuma analinda geti dhidi ya kila mtu, sisi tukiwemo. Komeo likilia tu anatoka mbio nyuma ya nyumba, anasimama kwa miguu miwili, anagonga geti kwa kifua, na ukiacha upenyo kidogo katoka. Akishatoka haji hata umwite kwa majina ya ukoo wote. Kuku wa watu wanatawanyika, wapita njia wanapanda kwenye matuta ya mawe, na mimi nyuma na kanga yangu. Gari kuingia ndani ni operesheni kamili, mzee wetu wa getini anashika mnyororo, mimi nashika mbwa, baba watoto anaingia kwa spidi ya ajabu.

Kwa hiyo mradi una lengo moja. Geti likifunguliwa, Chuma aende kwenye gunia lake barazani, alale, abaki hapo mpaka aambiwe basi. Kukaa, kulala, kuja akiitwa, kutembea na kamba, kuachia kitu mdomoni, hizo zote ni ngazi za kufika hapo. Sitaki asalimiane mikono na wageni.

Februari, mwishoni

Bado hatujaanza mafunzo. Nilitaka daktari amwone kwanza maana Chuma alikuwa na tabia ya kugeuka na kunguruma ukimshika kola, na watu wote walishahukumu: mkaidi, anataka kuwa baba mwenye nyumba. Daktari kafunua sikio la kushoto, ndani kumeharibika, kuna usaha na kupe wawili. Sasa we fikiria una sikio hilo halafu mtu anakuvuta kwa shingo kila siku. Kapewa dawa ya matone, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa ikaangaliwa. Mpaka sikio lipone hakuna mtu kugusa kola. Ushauri wangu kwa yeyote mwenye mbwa “mbishi”: masikio, meno na miguu vikaguliwe kabla hujamtafutia fimbo.

Shemeji alikuja Jumapili akakuta tunapanga haya mambo. “Shem, mkimfundisha hivyo mtamharibu, mwizi atakuja amchezee.” Hii ndo falsafa ya mtaani, mbwa wa ulinzi alishwe pilipili, wengine wanasema bangi, afungiwe banda la giza mchana kutwa, asizoee mtu. Nikamwuliza, shemeji, mbwa wa polisi wale wa Kikosi cha Mbwa na Farasi, umewahi kuona wanakimbia hovyo? Mbwa anayekamata jambazi kwa amri alianza na kukaa, kubaki na kurudi akiitwa, kuuma kunakuja baadaye kabisa na kuachia kunafundishwa palepale na kuuma. Mbwa wa banda la giza anauma kwa woga, na atakayeumwa ni aliye karibu naye, yaani mtoto wangu, dada, au mzee wa getini. Mwizi yeye anakuja na nyama yenye sumu, anarusha, anasubiri.

Shemeji akasema tutaona. Sawa, tutaona.

Machi

Tumeanza. Na hapa niseme ukweli nilipopata wazo: Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kutambua kifua kikuu kwenye makohozi, na shule yenyewe haina fimbo, ni mlio mdogo wa klika, kidude cha kubonyeza kwa kidole, ukifuatiwa na kipande cha ndizi. Panya akifanya sawa, klik, ndizi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapahapa Tanzania, akaenda Kambodia akagundua mabomu ya ardhini 71 na mwaka 2020 PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, likampa nishani ya dhahabu. Panya wa kilo moja na kidogo. Nikasema kama panya anaweza kufanya kazi hiyo kwa ndizi, huyu wa kilo 49 ashindwe kulala kwenye gunia kwa firigisi?

Klika ya dukani sikuhangaika nayo, tunatumia kifuniko cha chupa ya jamu, kile ukibonyeza katikati kinalia. Kazi ya mlio ni kumwonyesha mbwa ile sekunde hasa aliyofanya vizuri. Ukichelewa, makalio yameshainuka, basi umemlipa kwa kusimama. Mtoto wangu mkubwa ana vidole vyepesi kuliko sisi wote, ndiye mtu wa kifuniko. Firigisi zinachemshwa bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, na kitunguu saumu vilevile), zinakatwa ndogo ndogo saizi ya punje ya mahindi, na zinatolewa kwenye hesabu ya chakula chake cha siku, maana mbwa mkubwa anayekua akinenepa viungo ndo vinaumia.

Maneno tumeyabandika kwenye mlango wa friji. Kaa. Lala. Njoo. Acha. Gunia. Basi. Mwanzoni baba watoto alikuwa anasema siti, watoto keti, mama mkwe shii toka hapo, na mzee wa getini alikuwa na neno moja kwa kila kitu, “wewe!”

Sasa dada. Dada wetu wa nyumbani anatoka Lushoto, Mwislamu wa swala tano, na mbwa kwake ni mtihani. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi huku wanaifuata, mate ya mbwa ni najisi nzito, yakikugusa unaosha mara saba na moja iwe kwa udongo. Sikutegemea awe kwenye mradi kabisa, nilimwambia dada wewe huyu usihangaike naye, tutajigawia sisi. Akajibu, “Mama, mimi nitamfundisha, ila asinilambe.”

Jamani. Huyu dada katupita wote. Kwa kuwa hataki kuguswa hamvuti, hamsukumi makalio akae, hamshiki kola, hamlishi mkononi. Anasimama mbali kama hatua tatu, anatoa ishara ya mkono, anasema neno mara moja tu, halafu ananyamaza anasubiri. Chuma akifanya, dada anarusha firigisi kwenye sahani ya bati iliyo juu ya gunia. Ile sauti ya firigisi kugonga bati imekuwa klika yenyewe. Mbwa kajifunza vitu viwili kwa mpigo: chakula kinatokea kwenye gunia na si kwenye mifuko ya watu, na ukimkaribia mtu mno hakuna kinachotokea. Kwangu mimi Chuma bado ananirukia akifurahi, kwa dada anasimama mbali anasubiri maelekezo. Nimeanza kuiga namna yake, hata sauti nimepunguza.

Na hii Ramadhani imetusaidia vingine. Majirani wanapita hapa getini usiku kwenda tarawehe na Chuma alikuwa anabwekea msururu mzima, mwanzo hadi mwisho, aibu tupu. Dada akasema chakula chake cha usiku kisogezwe, kitoke saa ileile sauti za watu zinapoanza kusikika, barazani kwenye gunia. Tukafanya hivyo. Siku za mwanzo alibweka akala akabweka. Kufikia kumi la mwisho akisikia nyayo za watu nje anaangalia sahani.

Aprili

Masika. Kilima chetu kimekuwa utelezi na kutembea na mbwa anayevuta kwenye huu udongo ni kujitafutia hospitali, nimeshashuka mteremko mzima kwa makalio mbele ya vijana wa bodaboda na wakanipigia makofi.

Fundi viatu wa njia panda katushonea hanesi, ule mkanda wa kumvalisha mbwa mwilini badala ya kola, kwa mkanda wa kiti cha gari, na tumemwomba pete ya kufungia kamba aiweke kifuani, siyo mgongoni. Pete ikiwa mgongoni mbwa anavuta kwa mwili wote, hiyo ndo namna ya kumfungia mnyama mkokoteni. Ikiwa kifuani akivuta anajikuta anageukia upande wako. Haimfundishi kitu ila inampa mtu wa kilo 61 nafasi ya kufundisha. Kanuni ni moja na inachosha vibaya: kamba ikikaza nasimama, kamba ikilegea tunaenda. Siongei, sivuti. Kuna asubuhi hatukufika hata kwenye nguzo ya umeme ya jirani na mtu akipita ananiuliza mama vipi, mbwa mgonjwa?

Tunatoka alfajiri tu. Mbwa hana jasho la mwilini, anatoa kidogo sana kwenye nyayo, kazi yote ya kupoza mwili ni ya kuhema, na huyu na hicho kifua chake jua la Dar likipanda anaelemewa haraka. Lami ya mchana nayo inababua nyayo, weka kiganja chako pale, ukishindwa kukiacha basi naye hawezi. Halafu hatoki akiwa ameshiba, hawa wenye kifua kirefu tumbo linaweza kujaa gesi likajinyonga na hapo una saa chache tu za kumfikisha kwa daktari. Zoezi kwanza, apumzike, ndo ale.

Mbwa koko wa bondeni ndo tatizo kubwa. Nimegundua firigisi ni kipimo kizuri kuliko macho yangu: kama akiwaona bado anakula, tuko umbali sahihi, anaweza kujifunza. Kama nampa na anaitema au haioni kabisa, tumesogea mno, kichwa hakipo tena, hapo hata ukipiga kelele unaongea na ukuta. Tunarudi nyuma mpaka aweze kula. Umbali unapungua wiki hadi wiki, polepole.

Watu wakipita tunakaa pembeni. Watoto wa shule wanamwogopa wanakimbia, na mtu akikimbia Chuma anaona ameitwa mchezoni, kwa hiyo namkalisha akiipa njia mgongo mpaka wapite. Kuna bibi wa jirani anayekwenda msikitini, yeye tunampa upande mzima wa barabara, nguo zake za swala hazina kosa lolote. Juzi kanisalimia kutoka mbali akaniuliza, “Huyo ndiye yule?” Nikamwambia shikamoo bibi, ndiye. Akasema alhamdulillahi akaendelea na safari.

Mei

Sijaandika muda. Mbwa kasahau kila kitu.

Ni balehe, ana mwaka na kitu na mwili umejaa homoni. Kaa anaijua, anakuangalia, anaondoka. Kuna jike mtaani liko kwenye joto na Chuma usiku analia, chakula hakimalizi, anachimba chini ya geti. Shemeji kanitumia meseji ya kucheka. Daktari anasema kuhasi tunaweza ila kwa mbwa mkubwa ni vizuri kusubiri mifupa imalize kukua kwanza, kwa hiyo tumesubiri, na tumeziba lile shimo kwa zege.

Tumerudi darasa la kwanza, vipindi vifupi sana, dakika tatu nne, mara kadhaa kwa siku, ndani ya uwanja tu. Kuitwa tunafanya kwa kamba ndefu ya katani, inaburuzika chini, akigoma hakimbizwi wala haitwi tena, mtu anaikanyaga kamba, anasogea karibu, anaita kwa sauti nzuri. Na neno njoo limewekewa ulinzi: haitwi kwa ajili ya kuoga, haitwi kwa dawa ya sikio, haitwi ili afungiwe. Kwa hayo tunamfuata sisi alipo. Mtoto mdogo alikuwa na mchezo wa njoo njoo njoo bila sababu, sasa kila akiita lazima alipe firigisi kutoka kwenye kopo lake, na kopo likiisha limeisha hadi kesho. Mchezo umekufa wenyewe.

Tukio la mfupa. Tulimpa mfupa mbichi wa goti la ng'ombe (wa kupikwa hapana, unapasuka vipande vikali), mtoto mdogo akapita karibu, Chuma akaganda, akanguruma. Mama mkwe akainuka na mwiko. Nikamzuia, mama naomba, na hapo palikuwa na mvutano kidogo kwa sababu kwao Moshi mbwa akimngurumia mtoto hiyo ni kesi iliyoisha. Msimamo wangu: ngurumo ni taarifa. Ukimpiga kwa kunguruma haachi kuona wivu na mfupa wake, anaacha kutoa taarifa, na siku nyingine anauma kimya kimya. Watoto wameambiwa mbwa akiwa na chakula ni marufuku kukaribia, hakuna mjadala. Na sisi wakubwa tunafanya biashara naye: acha, anaachia mfupa, anapata ini, halafu mara nyingi mfupa anarudishiwa. Sasa akiniona nakuja akiwa na mfupa anautema mwenyewe na kukaa, anasubiri ini. Mama mkwe kasema hiyo ni rushwa. Ni mshahara, mama. Hata mzee wa getini halindi bure.

Watoto wamefundishwa pia kwamba mbwa yeyote akiuma, wetu au wa mtu, jeraha linaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 halafu hospitali hapohapo, bila kuogopa kugombezwa. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakitibiki, kinachookoa ni kuwahi.

Juni na Julai: geti

Hii ndo sehemu yenyewe.

Gunia analijua vizuri sasa, ukisema gunia kutoka jikoni anaenda, analala, anabaki hata ukipotea nyuma ya nyumba. Tulilijenga kwa kubadilisha kitu kimoja kimoja. Kwanza muda tu, sisi tukiwa karibu. Halafu umbali, ila muda tukaushusha. Halafu vurugu, mpira, watoto wakikimbia, kuku, na hapo muda na umbali vyote vikarudi chini. Ukiongeza vyote kwa pamoja anafeli na we utasema mbwa ana kiburi.

Lakini geti ni ulimwengu mwingine. Tumelikata vipande. Kwa Chuma, geti linaanza kwenye sauti: honi, hodi, mnyororo, komeo. Komeo ndo baya kuliko vyote. Nikairekodi sauti yake kwenye simu nikaipiga jikoni kwa sauti ndogo sana, akiinua kichwa, firigisi kwenye bati. Tena. Tukapandisha sauti. Baadaye simu barazani, baadaye komeo lenyewe mzee akiligusa bila kufungua, baadaye kufungua na kufunga hakuna mtu, baadaye baba watoto anaingia, anatoka, anaingia, anatoka, Jumamosi nzima, majirani wakidhani tumegombana.

Mzee wa getini hakuupenda huu mradi. Alikuwa anafanya kazi kwa jina la Chuma, mgeni akifika mbwa anarindima, mzee anaamka taratibu, anavaa viatu, anauliza nani. Mbwa akilala kwenye gunia mzee lazima aamke mwenyewe. Tukakaa naye kwa heshima zote, shikamoo mzee, tukapanga hivi: Chuma akisikia mtu anaruhusiwa kubweka mara mbili tatu, hiyo ndo kazi yake na hatutaki kuizima, mzee anasema “asante Chuma, gunia”, na komeo haliguswi mpaka mbwa awe amelala. Mbwa akiinuka, geti linafungwa tena. Kwa hiyo kinachofungua geti ni tumbo la Chuma kuwa chini. Mzee hii kaielewa haraka kuliko baba watoto, na kusema kweli kaanza kuona raha, maana sasa mbele ya wageni anatoa amri na dubwana lile linatii. Anawasubirisha watu makusudi waone.

Kwa ajili ya sumu tumeongeza sheria: cha chini hakiliwi mpaka mtu wa nyumbani aseme chukua, na chakula halali ni cha kwenye bati tu. Vijana wa mtaa tumewaomba warushe vipande vya nyama ukutani, sisi tukiwa ndani na Chuma kwenye kamba. Hili bado. Anaacha ya kwanza, ya pili anaitafakari, ya tatu inategemea ni nyama gani.

Agosti

Fundi wa dishi kaja na ngazi begani. Chuma kabweka, mzee kasema gunia, kaenda. Fundi akasimama getini hataki kuingia, “mama huyo hajafungwa!” Alifanya kazi yake juu ya paa huku anachungulia chini kila dakika, na Chuma pale chini anamwangalia yeye, kalala, hajainuka. Fundi akiondoka akauliza mbwa huyu anauzwa shilingi ngapi.

Kijana wa maji, sawa. Dereva wa bodaboda na mzigo wa kawaida, sawa. Dereva wa bodaboda na kuku wa kuchoma kwenye mfuko, hapana, aliinuka mara ya kwanza akarudishwa, akainuka tena, mzee akafunga geti, kuku akapoa nje. Tumeandika: harufu ya nyama getini, rudi kwenye hatua ya komeo.

Kipaimara cha mtoto mkubwa, wageni wengi, mahema, muziki. Watu walitaka nimwoneshe Chuma. Alikaa bandani nyuma na feni na mfupa wake siku nzima. Mbwa wa mwaka na nusu kujaribiwa mbele ya watoto sitini wa watu wanaokimbia na soseji mkononi, hiyo siyo tathmini. Shemeji alipita bandani akamrushia kipande cha nyama, Chuma akakiangalia, akamwangalia shemeji, hakukigusa. Shemeji hakusema kitu ila nilimwona.

Usiku wa mwisho wa mwezi kuna mtu aligusa ukuta wa nyuma. Chuma alikuwa huko kabla ya taa kuwaka, kwa sauti ambayo sijaisikia siku nyingine. Aliyekuwepo akaondoka. Baba watoto akaita njoo, kwa mbaali, gizani, na mbwa akarudi. Kwa wanaosema mafunzo yanaondoa ukali, hiyo ndo ripoti.

Septemba

Uzito: kilo 63. Kanipita.

Tarehe 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na chanjo yake ya mwaka inaangukia mwezi huuhuu. Tunampeleka kwenye foleni ya watu na mbwa wengine, ila tutaenda mapema, tutasimama mwisho wa kiwanja kwa umbali wa firigisi, na nitabeba gunia. Akishindwa kula tutarudi nyumbani na daktari atakuja yeye.

Hali ya geti kwa sasa: gari linaingia na mtu mmoja tu getini, mimi niko jikoni naendelea na shughuli zangu. Kamba barabarani inalegea isipokuwa tukikutana na paka wa rangi ya machungwa wa nyumba ya kona, huyo hana dawa bado. Kutema nyama ya ukutani, nusu nusu. Kuruka kwa furaha kaacha kwa watu wote ila mimi na watoto, na watoto hawataki aache.

Oktoba tunasafiri wiki moja, atabaki na dada, mzee, na mama mkwe. Dada na mzee sina wasiwasi nao. Mama mkwe jana nimemkuta peke yake barazani anasema “gunia” kwa sauti ya kanisani, Chuma kaenda kalala, na bibi kakata kona ya chapati yake akairusha kwenye bati. Nimemwomba tu hiyo chapati iwe bila vitunguu na iwe ndogo.